Gari ilituzimikia Mboko na papa mugonjwa, kumbe ni masse

Wakuu, salamu toka mji wa Baraka. Hii ninayoandika ilinipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni chauffeur. Jeep yangu ni ya hizi mpya-mpya, kila kitu iko na sensor. Iligongwa ubavuni, fundi akanyoosha bati, akapaka rangi. Ikarudi inang'aa.

Toka pale ikaanza wazimu. Mishale ya dashboard inacheza, mataa ya onyo inawaka yote, moteur, ile injini, inakosa nguvu. Fundi mwingine akasema calculateur, ile bongo ya gari, imekufa. Nikaanza kutafuta calculateur ingine.

Kabla niipate, papa, baba yangu mzazi, akashikwa na hernie, ile ngiri, kule Mboko. Tumbo imekaza, anatapika.

Infirmier, muuguzi wa kule, akasema: "Operation ni leo. Mupeleke Baraka."

Gari ingine haikuwako; nilikuwa nimefika na ile yangu yenye wazimu, nikamupakia humo.

Hatujamaliza hata nyumba za Mboko, mvua ikaanguka. Nikawasha mataa na essuie-glace za kupanguza kioo, gari ikazimika palepale. Papa analia kule nyuma.

Jirani na pale iko Mama Asende, anayetengenezea bavuvi batri na mataa yao. Akatoka na mvua ile.

"Ilianza lini?"

"Toka walipaka rangi."

"Basi nionyeshe masse."

(Masse ni waya nene nyeusi ya batri, inafungwa kwa chuma ya gari ili courant, yaani umeme, irudi.)

Akachukua waya ingine, akaunganisha moins ya batri, ule upande wa hasi, na moteur.

"Washa."

Ikawaka! Mishale ikatulia.

Kisha akafungua boulon, ile bolti inayokaza masse. Chini yake rangi tupu! Fundi alipaka, akafunga juu ya rangi, na rangi haipitishi courant. Mama akasugua mpaka chuma ikaonekana, akakaza.

"Enda, baba. Usisimame njiani."

Sikusimama. Docteur alisema tungekawia kidogo, utumbo ungeoza.

Papa alipopona, tulirudi kwa Mama Asende sisi wawili.

"Mimi nilisugua rangi tu," akasema.

Papa akamushika mikono yote mbili.

Wakuu, gari ikianza wazimu, angalieni masse kwanza, hasa kama imetoka kwa rangi. Calculateur yangu ni ile ile mpaka leo.

Nani ilimupata kama hii? Na nyinyi bafundi ba rangi muko humu, semeni: pale kwa boulon munafunika ao munapaka tu?