Gari Lisilokohoa

Mafundi wenzake walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata bure. Gari likiletwa gerejini linakohoa, wengine walikimbilia spana. Yeye alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ncha akaigusisha injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. "Kanyaga mafuta," alisema. Kisha aliutaja ugonjwa: vali ya tatu, beringi ya pampu. Asiposikia, alisema hajasikia. Kwake kubahatisha kulikuwa sawa na kuiba. Miaka thelathini na minne alikula kwa sikio hilo, akasomesha kwa sikio hilo. Siku hizi nani anasikiliza kitu?

Kampuni ya teksi aliyoitumikia ilipoanza kuleta magari ya umeme, wa kwanza kukabidhiwa alikuwa binti yake mwenyewe, dereva.

"Hilo friji lako," Sikio alimwambia, "umeme ukikatika utalisukuma?"

"Baba nawe! Petroli ilipoadimika si tulishinda kwenye foleni siku mbili? Hili halitaki oili wala plagi, na nikifika nyumbani kichwa hakiniumi kwa makelele."

"Makelele ndiyo yaliyokusomesha."

Binti alicheka. Sikio hakucheka, maana alijua anaambiwa kweli. Gari lisilotaka oili wala plagi halimtaki na yeye.

Teksi ya mwisho ya petroli ilipouzwa, meneja alimwita. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma.

"Mzee wangu, gari la binti yako linajipunguza nguvu njiani. Mafundi wa kompyuta wanakuja saa nane. Ukilijua tatizo kabla yao, nitapata la kuwaambia wakubwa, ubaki. Usipolijua, mimi mikono yangu imefungwa."

Sikio alifungua boneti, binti yake akiwa kwenye usukani. Hapakuwa na injini, ila maboksi yaliyofungwa na nyaya nene za rangi ya chungwa. Alizikwepa nyaya, akaweka bisibisi juu ya boksi kubwa, akafumba macho.

"Washa."

"Limeshawaka, baba."

"Kanyaga mafuta."

Binti hakumkumbusha kwamba mafuta hayapo. Alikanyaga.

"Kanyaga sana, wewe!"

"Nimefika mwisho, baba."

Kimya. Sikio alisikia damu yake mwenyewe ikipita kichwani.

"Mzee Sikio, liambie likohoe!" fundi mmoja alipiga kelele, wengine wakaangua kicheko.

Binti alishuka, akajifanya anafuta taa ya mbele, akainama karibu naye. "Baba, skrini imeandika tangu asubuhi. Pampu ya kupoza betri imekufa. Sema hivyo hivyo. Nani atajua?"

Imekufa! Kumbe muda wote alikuwa akisikiliza maiti. Gari la zamani likiugua lilipiga kelele, likamwita anayelijua. Hili hunyamaza likiwa zima, hunyamaza likiwa bovu, kisha humwandikia barua mtu asiyewahi kuchafuka vidole.

Meneja alifika. "Enhe, mzee wangu, limesemaje?"

Binti alimkazia baba yake macho, kama mtu anayesukuma gari kwa macho. Sikio aliifuta bisibisi kwenye suruali, ingawa haikuwa na uchafu wowote.

"Sijasikia kitu."

"Hata kidogo?"

"Sijasikia."

Binti alibamiza boneti. Wale wa kompyuta walikuja na mkoba mmoja, wakabadilisha pampu kabla chai ya meneja haijapoa.

Jioni binti alimrudisha nyumbani kwa gari lile lile. Kisanduku cha zana kilikuwa magotini pa mzee.

"Ungesema tu, baba."

"Ningesema. Na kesho ningesikia nini?"

Gari lilikwenda bila mlio, na sikio lile lililozoea kuchambua ngurumo likakosa pa kujificha. Lilisikia changarawe chini ya tairi. Lilisikia bisibisi ikibiringika kisandukuni. Lilisikia mtoto wake akimeza kilio, mara moja, mara mbili. Enzi za injini asingesikia.

Sikio alinyoosha mkono awashe redio. Alipapasa kile kioo cheusi cha skrini, akapapasa tena. Hakujua inawashiwa wapi.