Walikuja na Kuku Kwenye Chumba cha Uandishi

Chuo kikuu chetu hapa Kolwezi kilipoamua kufungua chumba cha kuwasaidia wanafunzi katika uandishi, uongozi ulitoa chumba pekee kilichokuwa na kufuli zima. Bahati mbaya ndicho kilichokuwa chumba cha baraza la nidhamu. Wakakipaka rangi ya maziwa, wakaweka meza mbili na mshauri mmoja, kijana mwembamba mwenye adabu nyingi, kisha wakatuambia sisi walimu: kazi yenu ni kuwaleta wanafunzi.

Nilianza kama kila mtu, nikatangaza darasani. Wanafunzi wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mama prof," na hakuna aliyekwenda. Nikarudia tangazo kwa ukali kidogo, maana mimi si mtu wa kubembeleza. Wakaitikia kwa sauti kubwa zaidi. Mshauri alikaa mle ndani wiki baada ya wiki akipanga kalamu zake, na kila nilipopita dirishani alisimama, akidhani nimemletea mtu. Ilinichoma roho.

Ndipo nikapata wazo ambalo hadi leo wenzangu wananicheka kwalo. Nilisema nitamwandikia kila mwenye shida karatasi yake: fulani, nenda chumba fulani, uchukue na kazi yako. Na kwa kuwa katika mji huu karatasi isiyo na mhuri haifai hata kufungia karanga, nikaenda kwa katibu wa kitivo, akanigongea mhuri mwekundu juu ya kila moja. Nikazigawa huku nikijipongeza.

Mtu yeyote aliyekulia hapa angeweza kuniambia nilichokuwa nimefanya, na mimi mwenyewe nimekulia hapa hapa. Karatasi yenye jina lako, mhuri, na mlango unaotakiwa kuuingia si mwaliko. Ni wito wa kesi. Na mtu mwenye ndugu haendi kwenye wito peke yake kama yatima. Anapelekwa na wakubwa wake, wanamsemea, wanaomba msamaha kwanza, halafu ndipo wanauliza kosa lilikuwa nini.

Mwanafunzi wa kwanza aliyepata karatasi yangu alitorokea Kisenge kwa dada yake. Wa pili alileta cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba ana akili timamu. Wa tatu alinifuata uani kwa upole mkubwa, akaniambia amekwisha kumsamehe yeyote aliyemchongea.

Hao walinichekesha. Aliyenitia wasiwasi ni binti mmoja wa Musonoi, wa mwaka wa mwisho. Kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa na kurasa nzuri kwa macho, lakini kuzisoma kulikuwa kama kutafuna pamba. Ilipaswa kuwasilishwa Ijumaa. Ikikataliwa angerudia mwaka, na kwao walikwisha kusema hakuna wa kulipia mwaka mwingine: akirudia, atapelekwa Tenke kukaa dukani kwa jamaa. Aliniambia hayo akitazama sakafu, akapokea karatasi yangu, akapotea.

Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye chumba cha uandishi, akatokea na ujumbe wa ndugu zake. Mbele alitembea tata mudogo, yaani mdogo wa baba yake, dereva wa kamiyo, lori la kubeba mawe ya mgodi, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Maniema zamani, kofia yake imepigwa pasi. Nyuma alifuata shangazi katika kitenge cha sikukuu. Katikati binti, kama mtu anayesindikizwa gerezani. Mama yake hakuja, kwa sababu asubuhi huwa kwenye biashara yake ya bukari, yaani ugali. Kwapani mwa shangazi kulikuwa na kuku mweupe, miguu imefungwa. Kuku hakuwa desturi ya kwao, lakini jirani yao, Mluba, alikuwa amewahakikishia kwamba bila kuku mweupe hakuna msamaha unaoshika.

Mshauri alipowaona alifurahi mpaka akasahau salamu. Alikimbilia vyumba vya jirani kutafuta viti. Tulipoketi sote, kuku akiwa chini ya meza, tata mudogo akasimama.

"Mama prof," akasema, "tunafika. Mutoto anakubali kosa."

"Kosa gani, tata?"

"Lile lenye munaandika pa karatasi."

"Hatukuandika kosa lolote."

"Basi anakubali na lile lenye hamukuandika."

Nikaeleza kwamba hapa si barazani tena, kwamba kijana huyu kazi yake ni kumsaidia mtu aone alichotaka kuandika. Tata mudogo alinisikiliza kwa heshima zote, kama mtu anavyomsikiliza polisi anayesema ni maswali machache tu. Shangazi akamnong'oneza akiuliza kama kuku mmoja atatosha. Kila nilivyosisitiza kwamba hakuna kesi, ndivyo walivyoona kesi ni kubwa.

Mshauri akajaribu njia yake. Alikuwa amefundishwa asiguse kalamu ya mwanafunzi wala asimtie maneno kinywani, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile daima. Akafungua ukurasa wa mwanzo, akamgeukia binti.

"Pa hii page, unataka kusema nini?"

Binti akainamisha kichwa. Anayeitwa hasemi, husemewa.

"Anataka kusema pardon," akajibu tata mudogo.

Mshauri akausogeza ukurasa karibu. Akasoma kwa sauti sentensi ya kwanza, ambayo ilichangia katika tafakuri pana juu ya mienendo ya kijamii na kimazingira katika muktadha wa uchimbaji, ikaendelea kuchangia hivyo mpaka chini ya ukurasa. Kuku alilia mara moja, akanyamaza.

"Hii sentence inasema nini?"

"Inasema mutoto alisoma," akasema tata mudogo.

Shangazi akaitikia kwa kichwa, machozi ya fahari yakimlenga.

"Ndiyo, tata, lakini ndani yake iko nini?"

"Kijana yangu, ile ni sentence ya heshima. Haisemake kintu."

Nimekaa kwenye mabaraza mengi ya maprofesa na sijawahi kusikia ukweli huo ukitamkwa wazi namna hiyo. Lakini saa zilikuwa zinakwenda, Ijumaa ilikuwa inakuja, na binti alikuwa bado anatazama sakafu. Uvumilivu ukaniishia. Nilikwisha kuona kwamba kueleza hakutanifikisha popote. Kama wamekuja kwenye kesi, basi iwe kesi, lakini iishe.

Nikasimama, nikakunja uso vizuri, nikainama na kumtoa kuku chini ya meza kwa mikono miwili.

"Pardon inapokelewa," nikasema. "Kesi inaisha. Sasa mwenye kusamehewa aseme mwenyewe."

Tata mudogo na shangazi wakapiga makofi taratibu, wakashusha pumzi. Mshauri akapiga pia, bila kujua kwa nini. Kuanzia hapo, kwa desturi ile ile iliyowaleta, hakuna aliyekuwa na haki ya kumsemea binti tena. Akainua uso. Mshauri akarudia swali lake kama vile ndiyo kwanza wameonana.

Binti akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Mama anauzishaka bukari kule Musonoi, pembeni ya barabara," akasema. "Kamiyo ikipita, mavumbi inakuya yote kwake. Anafunikaka sahani kwanza. Kisha njo anafunika kinywa yake. Mi nilitaka kuuliza sababu gani anaanzaka na sahani."

Nikabaki nimeshika kuku. Nilikuwa nimesoma kurasa za binti huyu tangu mwaka ulipoanza, nimezijaza wino mwekundu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema jambo. Niliona haya, na nilifurahi, vyote kwa pamoja.

"Ulimuuliza?" mshauri akauliza polepole.

"Apana. Nilikuwa natafuta kitabu chenye kuisema."

Tata mudogo alikuwa amevua kofia yake na kuiweka gotini. Yeye na lori lake hupita barabara ile kila siku, kwenda na kurudi. Akasahau kwamba hana tena ruhusa ya kusema. Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka mezani juu ya zile kurasa za heshima.

"Muulize," akasema.

Simu ikapokelewa, na kitu cha kwanza tulichosikia ni ngurumo ya lori. Ikabidi tungoje lipite. Kisha binti akauliza swali lake, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza jambo la aibu. Upande wa pili kukawa kimya, na sijui kama alikuwa anafikiri au anafunika.

"Sahani ni ya batu, mutoto wangu," mama akasema. "Kinywa ni yangu."

Tata mudogo akageukia ukuta. Shangazi akamshika bega. Binti akavuta kalamu, mshauri akamsogezea karatasi safi.

"Rudilia, mama, polepole. Naandika."

"Unaandika nini? Banakufukuza?"

"Apana, mama," binti akasema. "Bananiuliza."