Makala Iliyomchekesha Bi Mkato

Kwenye kampuni ya kuchapa vitabu vya shule walimwita Bi Mkato, maana hakuna mkato uliowahi kumpita ukiwa umekaa pasipo pake. Kazi yake ilikuwa kusahihisha. Vitabu vya jiografia, vya hesabu, vya kilimo, vyote vilipita mezani kwake, naye alivisoma kwa uso ule ule mkavu, kama mtu anayechambua mchele. Wenzake walimtania kwamba hata akiandikiwa barua ya mapenzi atairudisha imejaa wino mwekundu.

Mdogo wake alikuwa kinyozi. Siku moja kitana kilimponyoka mkononi, akakiokota, akaendelea. Baadaye ikawa mashine. Halafu akamkata nyuma ya sikio mteja wake wa miaka yote, mtu mpole ambaye alicheka tu na kusema, "Leo umeamua kunitoa kafara?" Kinyozi hakucheka. Alikuwa ameukazia macho mkono wake wa kulia, na vidole viwili vilikuwa havimsikii.

Daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, hakuwaficha kinyozi na dada yake. "Nashuku vitu viwili," alisema. "Mwanzoni vinafanana sana. Kimoja tunakitibu. Kingine bado hatuna dawa yake." Damu ikachukuliwa ikapelekwa mbali, na majibu yangechelewa.

Kungoja huko kulimtoa Bi Mkato roho. Simu ikiita, aliirukia. Isipoita, aliikagua kama ina chaji. Mwisho akamfuata daktari. "Nipe na mimi nisome yaliyoandikwa juu ya ugonjwa huu."

"Dada yangu, utajitia presha bure."

"Presha ninayo tayari, daktari. Nipe cha kuishikia."

Daktari akamtolea makala tatu za utafiti.

Mbili za kwanza zilikuwa kama kutafuna mchanga. Humo hamkuwa na mtu. Vipimo vilifanyika, dozi zilitolewa, matokeo yalibainika, na wala hujui nani alifanya, nani alitolewa, na kwa nini walitaka kujua. Sentensi moja ilianza juu ya ukurasa ikaja kukata roho karibu na chini. Kila neno asilolielewa Bi Mkato alilichukua kama hukumu ya kifo. Alizifunga akiwa hajaambulia kitu, ila woga umeongezeka.

Ya tatu aliifungua saa ya chakula cha mchana, kijiko mkononi. Ilianza hivi: kulikuwa na seremala mmoja ambaye tulimwambia aage familia yake. Miaka minane baadaye alikuwa bado anakuja kliniki, na kila akija anatuuliza tumefikia wapi. Hatukuwa na la kumjibu. Makala hii ni kujaribu kumjibu.

Bi Mkato akaweka kijiko chini.

Waandishi walieleza walichodhani mwanzoni, na jinsi walivyokosea, bila kujikosha. Wakaeleza dhana ya pili. Kila alipofika mahali akajiuliza, "Sasa je, wale wengine?", aya iliyofuata ilikuwa tayari inazungumza habari za wale wengine, kana kwamba mwandishi amekaa ng'ambo ya meza anamwangalia usoni. Halafu wakafika kwenye mashine ya kupima mishipa. Kwa miezi kadhaa iliwapa majibu ya ajabu, wakaanza kupongezana, mpaka fundi wa maabara alipogundua kwamba kipoza hewa kilikuwa kinawagandisha wagonjwa mikono. Walichokuwa wanakipima, waliandika, ni baridi.

Bi Mkato akaangua kicheko.

"Makubwa!" akasema mwenzake wa meza ya jirani. "Bi Mkato leo anacheka! Ni kitabu gani hicho?"

Hapo ndipo alipokumbuka ni kitu gani anachokisoma. Alijiona kama mtu aliyecheka msibani, watu wote wakageuka. Mdogo wake hawezi kushika kitana, na yeye anastarehe na ugonjwa wake kama hadithi! Akaitia makala kwenye mkoba, na mchana kutwa hakuweza kusahihisha ukurasa ukaeleweka.

Jioni alipitia saluni. Kinyozi mwenza wa mdogo wake ndiye aliyekuwa akinyoa. Mdogo wake mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mkono mapajani.

"Umesoma?" mdogo wake akauliza.

"Nimesoma."

"Wanasemaje?"

"Ah, mambo ya kitaalamu tu."

"Dada, uongo huuwezi. Ukidanganya unajishikashika ukosi."

Bi Mkato akashusha mkono. "Nimecheka," akasema. "Nisamehe. Imeandikwa vizuri, nikajisahau, nikacheka."

Mdogo wake alisogea kumpa nafasi kwenye benchi. "Basi nisomee na mimi nicheke."

Akamsomea pale pale, kwa maneno ya nyumbani, mashine ya kunyolea ikinguruma. Walipofika kwa seremala, mdogo wake alitabasamu. Kwenye kipoza hewa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko. Kisha wakafika kwenye mchoro: mstari mmoja katikati, vitone juu yake, vitone chini. Kila kitone ni mgonjwa, Bi Mkato akaeleza. Wa juu walipata nafuu.

"Mimi ni kipi?"

"Wewe hupo hapa. Hawa ni watu wengine."

"Najua. Nauliza ningekuwa kipi."

Bi Mkato alivitazama vile vitone. Tangu aya ya kwanza alikuwa amemvika mdogo wake nguo za yule seremala, akamtembeza nazo hadi mwisho. Haikuwa imempitikia akilini kwamba vitone vya chini navyo vilikuwa na dada zao.

"Na hawa wa chini, wanasemaje juu yao?"

"Wanasema dawa haikuwasaidia, na hawajui kwa nini."

"Wameandika hivyo? Kwamba hawajui?"

"Wameandika."

"Hapo rudia," mdogo wake akasema. Akarudia.

Hofu mpya ikamwingia Bi Mkato: huenda utamu wenyewe ndio mtego. Kesho yake akaishika makala kwa kalamu nyekundu, akaisoma kama adui, akisaka mahali walipotia chumvi. Aliambulia mkato mmoja uliokosekana.

Majibu ya damu yalipokuja hayakuonyesha kitu. Bi Mkato hakukata tamaa, kwa sababu alijua kutoka kwenye makala kwamba hata wengi wa wale wanaotibika damu yao haionyeshi. Alijua pia kwamba hilo halithibitishi lolote. Zamani aliogopa gizani. Sasa aliogopa akiona, na hakuweza kusema ipi nafuu.

Siku ya kupima mishipa, daktari alianza kwa kumtumbukiza mgonjwa mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Ndugu hao wawili wakatazamana, wakabana midomo.

"Kumbe mmefika mpaka kwenye kipoza hewa," daktari akasema. "Ile naipenda. Wangeweza kulificha lile, nani angejua? Hawakulificha, ndiyo maana nawaamini kwa yaliyobaki."

Alipima muda mrefu. "Mshipa wa fahamu umeziba mahali pamoja," alisema mwishowe. "Inaelekea ni ile inayotibika. Nimesema inaelekea."

Wakaanza dripu. Ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu, na nyumbani hakuna aliyethubutu kulizungumza. Baada ya ya tatu, asubuhi moja, simu ya mdogo wake iliita, na Bi Mkato aliiangalia ikiita mpaka ikakaribia kukatika.

"Dada, nimefunga vifungo vya shati."

"Vyote?"

"Kasoro cha shingoni. Mbona unalia sasa?"

"Silii. Nina mafua."

Siku hizi kinyozi amerudi kazini, ila wembe bado anamwachia mwenzake. Dripu haziishi, kila inapokaribia zamu nyingine vidole vinaanza kulegea, na dada yake anaanza kukosa usingizi, akingoja kuona kama safari hii vitakaza tena. Mara nyingine vinakaza vizuri, mara nyingine kidogo. Daktari akipata makala mpya humtumia. Nyingi ni mchanga mtupu. Anazisoma zote.