Mzee Kipngeno Akaa Nyuma

Mzee Kipngeno alimzaba kofi mzee mwenzake wa kanisa, Jonah, katikati ya kikao cha kuamua choo kichimbwe wapi. Kikao kilifunguliwa kwa maombi, na aliyeomba ni Kipngeno mwenyewe. Jonah alitaka choo kiwe karibu na barabara ili wageni wakione. Kipngeno akasema choo si kitu cha kuonyesha wageni. Mengine mnajua yanavyokwenda watu wawili wakiwa na hakika kwamba Mungu yuko upande wao.

Kanisa lao liko nje kidogo ya Njoro, katikati ya mashamba ya ngano, na lina utaratibu wake. Jumapili iliyofuata barua ilisomwa mbele ya watu wote: Kipngeno ametengwa miezi sita. Hataongoza maombi, hatashiriki meza ya Bwana, hatapita mbele kwa shughuli yoyote, na atakaa benchi la mwisho kabisa, lile la mlangoni. Miezi ikiisha ataitwa mbele, amwombe Jonah msamaha, apewe mkono.

Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu. Binti yake Cheruto angefunga harusi Jumamosi ya kwanza baada ya miezi hiyo kuisha, na baba aliyetengwa hamshiki bintiye mkono kumpeleka mbele. Kwa hiyo Kipngeno, ambaye hasira zake hata ng'ombe wake walizijua, alikaa nyuma akafunga mdomo.

Benchi lile lilikuwa na mwenyewe. Muiruri, fundi wa viatu, alikuja kila Jumapili akinuka pombe ya chang'aa, akalala tangu wimbo wa kwanza hadi matangazo. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyekaa karibu naye. Kipngeno hakumpenda hata kidogo. Mwezi wa kwanza wote alikuwa akimpiga kiwiko kwa sababu ya kukoroma.

Mwezi wa tatu Muiruri akamwambia, "Mzee, niombee. Nataka kuacha hii kitu."

"Nimekatazwa kuomba."

"Umekatazwa kuombea kanisa. Mimi hata sijaandikwa kwenye daftari lao."

Kipngeno alifikiri, akaona hoja ile haina kasoro. Baada ya ibada walisimama nyuma ya choo kipya, kilichojengwa palepale Jonah alipotaka, naye akaomba kwa kifupi, kwa sauti ya mtu anayemgombeza Mungu. Wakawa wanafanya hivyo kila Jumapili. Muiruri aliacha, akarudia, akaacha tena. Kipngeno alimtukana mara mbili, akamwomba msamaha mara moja.

Jumapili ya kurudishwa ikafika. Mkewe alimfunga tai kwa mkono wake. "Baba Cheruto, leo usiongeze maneno. Omba msamaha, uketi."

Kwenye benchi alimkuta Muiruri anatetemeka, jasho linamtoka. Ilikuwa siku yake ya nne bila kuonja.

"Mzee Kipngeno, karibu mbele," mchungaji akaita.

Kipngeno akainuka. Muiruri akamshika koti. "Mzee, ukienda, natoka. Nikitoka, unajua penye nitaenda."

"Basi twende wote."

"Huko mbele? Hata kusimama siwezi."

Mchungaji akaita mara ya pili. Kanisa zima likageuka. Jonah alikuwa amesimama mbele, mkono tayari. Kwenye kwaya, Cheruto alimtazama baba yake kwa macho ya kumsihi. Kipngeno alitaka kwenda kuliko alivyotaka kitu chochote mwaka ule. Angeweza kueleza, lakini kueleza kungekuwa kumvua Muiruri nguo mbele ya watu mia mbili.

Akaketi.

Watu walisema bado ana kinyongo na Jonah. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuhusika. Wazee wakaongeza miezi mitatu. Cheruto hakusema naye hadi Jumatano, alipomuuliza jikoni ni kwa nini.

"Kulikuwa na mtu," Kipngeno akajibu. Cheruto akalia, na baba yake hakujua aweke wapi mikono.

Jumamosi ni Kibii, mjomba wa Cheruto, aliyemshika bibi harusi mkono pale mlangoni. Walipopita, Kipngeno aliinamisha kichwa asimwone akienda. Machozi yakamshuka, na hakujisumbua kuyaficha. Muiruri, siku ya kumi bila kuonja, ndani ya koti la kuazima, alimsogelea. Halafu akamwekea mkono mgongoni, kama alivyoona wengine wakifanya, akaomba mbele ya mtu kwa mara ya kwanza maishani.

"Mungu, huyu mzee ana hasira, hata wewe unamjua. Lakini hakuniacha. Mpe msichana wake mtu wa kukaa na yeye vile huyu amekaa na mimi."

"Amina," Kipngeno akasema, kwa sauti iliyofika hadi mbele.