Jina la Laurean na Ndizi za Profesa

Laurean ni mtoto wa kaka yangu. Alizaliwa Kanyigo, Bukoba, na alikuwa na miaka kumi vita vya Amin vilipotukimbiza. Tuliporudi tulikuta shamba limekuwa pori, migomba imelaliana, na kaka yangu hakurudi kabisa. Basi mimi shangazi mtu nikamchukua yule mtoto, nikamfundisha kila mgomba kwa jina lake: huu wa kupika, huu wa kuchoma, huu wa kukamua pombe. Kwetu mwanamume asiyejua hayo hapewi shamba, na akipewa, watu huja msibani kwake wakicheka. Mimi nimeishia darasa la nne kwa masista, lakini mgomba naujua kwa kuutazama tu, hata ukiwa mchanga.

Nasema haya mapema ili muelewe kilichompata hapa London, katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Kukitaja ni kukipa heshima, na heshima wanazo tayari, wanagawiana wenyewe kwa wenyewe kila mwaka kama pipi.

Alipofika huku Laurean alifua mashuka ya hospitali miaka mingi. Mume wangu alipofariki akaniita nije tuishi wote hapa Thornton Heath, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Ndipo akapata kazi chuoni, kutunza nyumba ya vioo. Walikuwa wameleta migomba kutoka kwetu, aina arobaini na kitu, waichunguze. Hakuna aliyejua kuimwagilia wala kuipunguzia machipukizi. Ilikuwa inakufa huku wamesimama wanaipiga picha. Laurean aliifufua yote, isipokuwa miwili iliyofika imekwisha oza. Siku ya kwanza alinipigia simu akiwa humo ndani. "Shangazi, kumbe hapa kuna joto la nyumbani!"

Sasa, chuoni kwao watu wako wa aina mbili. Kuna watafiti, na kuna wanaofanya kazi. Mtafiti ni yule anayeandika kuomba fedha. Akizipata, anaandika ripoti kuonyesha kwamba alizipata, halafu anaomba nyingine. Laurean alikuwa fundi, na fundi, kwa sera yao, hawekwi jina kwenye makala ya utafiti, hata kama ndizi zenyewe amezilea kama watoto. Na sera hiyohiyo inasema fedha mpya zikija, anayebakizwa kazini ni yule tu ambaye jina lake limo kwenye makala. Soma tena kama hukuelewa. Mimi nilielezwa mara tatu, nikadhani ni Kiingereza changu.

Kwa hiyo kwa Laurean jina halikuwa sifa. Jina lilikuwa kubaki na migomba yake au kutolewa.

Mkubwa wake alikuwa Profesa Alnashir, Mhindi wa Queensbury, ambaye wazazi wake walitoka Bukoba hukohuko kwetu. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye haraka. Kila mwaka alimwambia, "Laurean, makala ijayo nakuweka." Makala ijayo ikatoka, na iliyofuata, na ya tatu, na ya nne. Mwanangu akawa anazileta nyumbani, anazikunjua mezani, anatafuta.

"Hukuliona jina?" namuuliza.

"Wamenishukuru, Shangazi. Hapa chini. 'Tunawashukuru wafanyakazi wa nyumba ya vioo.'"

"Wafanyakazi wangapi mko humo?"

"Mimi."

Makala iliyompandisha Profesa cheo ilihusu ndizi iitwayo entobe, ya kupika. Walisema wamegundua kwamba ina nguvu kuliko nyingine na ndiyo chakula kikuu cha Kagera. Tatizo ni kwamba haikuwa entobe. Vibao vya zamani, alivyoviandika Laurean kwa mkono, waliving'oa wakaweka vipya vilivyochapwa na kompyuta, na viwili vikabadilishana mahali. Ile waliyoichunguza miaka mitatu ilikuwa embile, ndizi ya pombe. Laurean, ambaye humo hahitaji kusoma kibao, aliliona kosa siku ileile alipoiona rasimu ya makala, akaenda kwa Profesa na ndizi mbili mkononi, akazikata mbele yake, akamwonyesha jinsi utomvu wake unavyotofautiana. Profesa akamwambia kwamba makala imekwisha pokelewa, na kwamba marekebisho yanaombwa na mtafiti, hayaombwi na fundi. "Fuata kibao," alimwambia.

Mwezi wa tatu chuo kikaamua kumvika Profesa nishani. Wakatualika sisi watu wa Kagera wa London, kama jamii, neno walilopenda sana siku hiyo. Ukumbi mkubwa, picha za wazungu waliokufa ukutani, majoho mekundu kama ya maaskofu. Mkuu wa chuo akasema maneno mengi kuhusu maarifa. Kisha likaja wazo la mtu mwenye kisomo kingi mno: wageni waonje. Walikuwa wamekata mkungu kutoka nyumba ya vioo, kwa kufuata kibao, wakaupika na nyanya na kitu cha majani, wakatupakulia kwenye visahani vidogo.

Laurean alikuwa amekaa kando yangu. Alifumba macho.

Wazungu walitafuna kwa adabu. Walidhani ndivyo tulavyo. Nikamwona Mkuu wa chuo akimeza kama mtu anayemeza dawa ya minyoo, huku akitabasamu. Gladness wa Muleba, nesi wa Croydon, alitia kipande kimoja mdomoni akakitema kwenye leso.

"Jamani! Nani kapika embile?" akapaza sauti. "Hii si ya kukamuliwa pombe? Mnatulisha pombe mbichi?"

Meza yetu yote ikaangua kicheko. Mzee Kizito, ambaye hacheki hata harusini, alipiga meza. "Wape nishani!" akasema. "Wape na ya pili, wamepika pombe kwa nyanya!"

Kulikuwa na mwandishi wa jarida la sayansi ukumbini, jarida lilelile lililochapisha makala. Aliuliza tunacheka nini, na Gladness akamweleza kwa Kiingereza kilichonyooka. Baada ya wiki mbili jarida likakitaka chuo kieleze.

Ndipo Profesa Alnashir akaja kwetu, Jumamosi mchana. Miaka kumi na miwili Laurean amemfanyia kazi, hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ngazi zetu.

"Shikamoo, Mama," akasema. Kiswahili chake ni cha dukani, lakini kipo.

"Marahaba. Baba yako alikuwa na duka karibu na soko, Bukoba mjini. Vitenge na taa za kandili."

Uso ukamng'aa. "Unamkumbuka!"

"Namkumbuka. Alipotaka ndizi za kupika alimuuliza mwanamke anayeziuza. Hakusoma kibao."

Nikampa chai, maana mgeni ni mgeni. Akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Laurean, nimekuletea habari njema. Jina lako linaingia kwenye makala. Mtafiti mwenza. Na fedha mpya zimepatikana, miaka mitatu, na wewe umo."

Laurean alivaa miwani. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama nilivyomfundisha. Nilimwona akifika kwenye jina lake, akatulia hapo. Lilikuwa limeandikwa lote, na la baba yake. Kisha akaendelea, na kidole kikasimama.

"Profesa, hapa panasema nini?"

"Ni maelezo tu ya marekebisho."

"Panasema mimi ndiye niliyechanganya vibao."

"Ni lugha ya jarida. Lazima pawe na sababu. Hakuna atakayekulaumu. Ni kosa dogo la kiufundi."

"Mimi nilikuletea ndizi mbili. Nilizikata mezani kwako."

"Najua." Alisema kwa sauti ndogo, na hapo nilimwonea huruma kidogo, kiasi cha kijiko. "Najua, Laurean. Lakini nikisema hivyo, watauliza kwa nini sikusikiliza. Nishani wataichukua, na fedha zitaondoka, na nyumba ya vioo itafungwa. Wewe ukitia saini, kila kitu kinabaki. Na migomba inabaki."

Mwanangu alirudi kwenye ule mstari, akausoma tena kwa kidole. Sikumsemea, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha. Ana miaka hamsini na saba. Kazi nyingine hapati kirahisi, na ile migomba aliipenda kuliko alivyowahi kupenda kitu huku ugenini.

"Profesa," akasema mwishowe, "andika kwamba nilichelewa kazini, nitatia saini. Andika kwamba nilivunja kioo. Nilivunja kweli, kimoja. Lakini mimi ni mtu wa Kanyigo. Siwezi kuandikwa kwamba sijui embile na entobe. Baba yangu yumo kwenye jina hilo."

"Watu wangapi wa Kanyigo watasoma jarida hili?"

"Mimi nitalisoma," akasema Laurean, akamrudishia karatasi.

Profesa aliacha chai nusu. Ngazini alijikwaa, na sikumwambia pole.

Jarida likatoka na marekebisho. Yanasema vibao vilichanganywa na "mfanyakazi mmoja wa nyumba ya vioo". Jina hakuna! Walipotaka kumlaumu, jina lilipatikana upesi. Alipokataa kulaumiwa, likapotea tena. Nishani Profesa anayo. Kamati yao ya uadilifu ilikaa ikaona kwamba sera zote zilifuatwa, na hilo nawaamini kabisa.

Laurean aliachishwa kazi mwisho wa mwezi wa saba. Siku ya kuondoka wakampa fomu. Kila anayeondoka hujaza, na kwa kanuni yao hutunzwa kwenye kumbukumbu za chuo miaka hamsini, hakuna ruhusa ya kuichana. Swali la tisa linasema: *Eleza mchango wako kwa utafiti wa chuo.* Wamekuachia mstari mmoja.

Alikaa na fomu ile siku tatu mezani petu. Alijaza mstari, akageuza nyuma, akaongeza karatasi. Kila mgomba: jina lake la kwetu, kazi yake, jani lake, shina lake, ulikosimama humo ndani, na ni kibao gani kinasema uongo. Kila ukurasa akaweka jina lake lote chini. Mimi nilikaa kando namenya maharage, namsaidia alipokwama.

"Enchoncho umeiandika?"

"Nimeandika."

"Enjubo?"

"Ile ilikufa mwaka wa pili, Shangazi."

"Iandike. Andika ilikufa, na andika nani aliifungulia dirisha katika baridi ya mwezi wa kwanza."

"Alikuwa mgeni wa Mkuu wa chuo. Alisikia joto."

"Basi andika hivyohivyo," nikamwambia, na akaandika.