Tarishi Hakimbii

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ndogo ya posta pale Changamwe, Bwana Posta alinipa kaptula ya kaki, mkoba wa ngozi na onyo. Alikuwa Mgoa mfupi, mpole, aliyependa kusema huku akipiga muhuri, hata ukashindwa kujua anayesemeshwa ni wewe au ni barua.

"Tarishi hakimbii," alisema. "Tarishi hutembea upesi. Waelewa tofauti?"

"Naelewa, Bwana."

Sikuelewa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Rabai, na mbio kwangu zilikuwa kama kupumua. Lakini zile zilikuwa siku za vita. Vijana wetu walikuwa Bama, huko Asia, wakipigana, na habari za kufa kwao zililetwa kwa telegramu, yaani simu iliyoandikwa kwenye karatasi na kutiwa katika bahasha. Watu wakimwona tarishi anakuja mbio, walianza kulia kabla hajafika uani. Basi nikatembea. Nilitembea Magongo, Mikindani, Jomvu mpaka Miritini, maana baiskeli ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Tarishi Mkuu, mtu wa tumbo kubwa aliyeisukuma zaidi kuliko alivyoipanda.

Vita vilipokwisha, Bwana Mkaguzi alikuja kutoka ofisi kubwa ya kisiwani akatusomea tangazo. Kungekuwa na mbio za maili ishirini na sita kwa wafanyakazi wa upande wetu: kutoka Changamwe kupanda mpaka Mazeras, kurudi, kisha kuzungukia Port Reitz kutimiza maili zilizopungua. Tarishi yeyote atakayeingia katika watatu wa kwanza atahamishiwa chumba cha kupangia barua. Chumba kile kilikuwa na viti. Uzuri wa kiti huujui mpaka upeleke barua Miritini kwa miguu mwezi wa pili, jua la utosi.

Mke wangu, Dama, nilimkuta akikuna nazi.

"Maili ishirini na sita," alisema. "Nani anakufukuza?"

"Hakuna. Lakini nikishinda nitapata kazi ya kukaa."

Akafikiri. Tulikuwa na watoto wawili. "Basi kimbia, Baba Kadzo, lakini usikimbie bure. Kisima ki mbali, kuni zi mbali, kinu cha kusagia ki mbali zaidi. Kimbilia huko."

Ndivyo nilivyofanya mazoezi. Alfajiri nilikwenda kisimani mbio na debe tupu, nikarudi mbio na debe limejaa, nikafika na nusu. Dama alilitazama debe, akanirudisha. Siku nyingine nilirudishwa mara tatu, na nadhani alijua afanyalo. Jumamosi nilikimbia na mahindi begani, na kuku wa Mikindani nzima wakanifuata nyuma. Jumapili nilisinzia kwenye kwaya nimesimama, na mwalimu akawasifu watu wa besi kwa sauti yao nzito.

Hata hivyo maili hazikutosha. Mtu mwenye kazi, mke, watoto na kanisa hubakiwa na saa moja, nami nilihitaji tatu. Ndipo nikaanza kuiba. Nikishapita kona ambapo Bwana Posta hawezi kuniona, nilifunga mkoba kifuani nikatimua mbio. Kwa barua za kawaida hapakuwa na neno. Lakini siku moja nilichukua telegramu ya Bi Mwanaisha wa Jomvu, mjane mwenye mwana mmoja tu, askari, ambaye alikuwa bado hajarudi.

Aliniona tangu mbali. Nilipofika uani alikuwa ameketi chini, leso kichwani, na majirani wanaingia kwa vilio. Nilimpa bahasha, akaisukuma.

"Usiifungue," alisema. "Maadamu haijafunguliwa, mwanangu yu hai."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilitaka kusema kwamba nilikuwa nafanya mazoezi tu, lakini utalitamkaje neno hilo penye kilio? Mikeka ya matanga ilikuwa imeshatandikwa. Mzee mmoja wa msikitini aliyejua kusoma akaichukua bahasha, akaifungua, akasoma: "Nafika Jumamosi. Pilau."

Bi Mwanaisha aliinuka. Akanipiga kofi la bega, akanikumbatia, akanipiga tena. "Wallahi umeniua ukanifufua," alisema, "na hukuwa na ruhusa ya lolote katika hayo mawili."

Habari zilifika ofisini kabla yangu. Bwana Posta aliweka muhuri chini, jambo ambalo sikuwa nimepata kuliona.

"Ukikimbia tena na mkoba wangu, utauacha hapa mezani," alisema. "Na kesho utakwenda kumwomba radhi yule mama. Polepole."

Nilikwenda. Nilimweleza habari za mbio; Bi Mwanaisha alinisikiliza, akanimiminia kahawa. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini siku ya mbio zako, ukirudi kutoka Mazeras, utapita hapa. Usinipite kama jiwe lililotupwa. Simama uniamkie, nijue ni heri." Nikaahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi, maana nilikuwa nimeketi.

Siku ya mbio, Mazeras nilifika wa tisa. Kurudi ni mteremko, na mteremko naujua. Nikawapita mmoja mmoja, na nilipoingia Jomvu nilikuwa wa tatu. Tarishi Mkuu alinifuata kwa baiskeli. Mbele, kando ya njia, nikamwona Bi Mwanaisha na buibui lake, mkono ameuinua.

"Usisimame," Tarishi Mkuu alinisihi. "Kumbuka viti."

Nilisimama.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mkeo hajambo?"

"Hajambo." Mtu mmoja akanipita.

"Na watoto?"

"Hawajambo." Wa pili akanipita.

"Alhamdulillahi. Huyu ndiye mwanangu." Kijana mrefu akanipa mkono, akanishukuru kana kwamba nilimbeba mgongoni toka Bama, akaniletea maji ya ndimu. Nikanywa yote, kwa adabu. Miguu nayo, ikishasimama, ilidhani kazi imekwisha.

Mmoja nilimpata Port Reitz. Wa pili sikumpata. Nikaingia wa nne.

Dama alikuwa amenisubiri na kikombe cha uji. "Ulisimama Jomvu?" aliniuliza.

"Nilisimama."

"Vyema," alisema, na hatukulizungumza tena siku ile.

Nilipeleka barua mpaka nikastaafu. Siku hizi vijana wakimbiaji wa Magongo huja kuniuliza mtu atapatanishaje mbio, kazi na nyumba. Wanatarajia niwagawie saa kama dawa ya hospitali. Mimi huwasimulia mwaka uliofuata. Mbio zilitangazwa tena, nami nilikuwa tayari kuliko mara ya kwanza. Zilipobaki siku tatu, Dama akajifungua mtoto wetu wa tatu. Asubuhi ya mbio nilisimama kando ya barabara na mtoto begani, nikawatazama wakipita. Wa tatu alikuwa anachechemea. Ningemshinda na mtoto yule yule begani, na kila mwaka humwambia Dama hivyo.

"Mimi nilikuambia uende," hunijibu. "Mama alikuwapo, dada zangu walikuwapo. Kaptula nilikufulia nikaitundika mlangoni."

Ni kweli. Niliiona. Nikaipita, nikaenda jikoni kumchemshia Dama maji ya kuoga.