Ukuta Nimejenga Mie, Sifa Kachukua Mume Wangu

Admin, nifichie jina, ila aibu ya mume wangu usiifiche. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi Pemba, upande wa Chokocho. Nina watoto watatu, na mume ambaye kazi anayoiweza ni kukaa barazani kueleza wenzake wanavyokosea.

Ua wetu wa makuti ulioza, tukawa tunapika na kuoga huku wapita njia wanatuona. Nikamwambia tujenge wa mawe. Kila siku "Inshaallah." Mwisho nikashika mwiko mwenyewe. Marehemu baba alikuwa mwashi, nimekulia kwenye chokaa, kazi naijua. Nikirudi shamba nachimba msingi, navuta kamba, napanga mawe. Yeye anapita na kikombe chake cha chai: "Mwanamke kupanda juu ya pipa! Wanitia aibu." Hata karai moja la mchanga hakunishikia.

Ukuta ukaisha, nikaupaka chokaa, ukapendeza. Wakaja jamaa zake kutoka Kojani. Naingia na sinia la kahawa, namkuta anaupigapiga ukuta kama mtu anayeuza ng'ombe: "Mikono yangu hii! Mafundi wa siku hizi siwaamini." Shemeji mmoja akanigeukia, "Shemeji, umepata mume." Nikamimina kahawa. Si kwa heshima. Nilikuwa naviangalia viganja vya mume wangu, laini kama vya bibi harusi.

Sifa zikafika Makoongwe kwa mama yake. Bi mkubwa yule ni mtu mwema. Nilipojifungua mtoto wa pili niko hoi, ndiye aliyenikanda na kunilisha uji kwa mkono wake. Ua wake ulianguka zamani. Akapiga simu kwa furaha: "Mwanangu, na mimi mama yako nijengee." Fundi wetu atakataaje? Akaenda, akajenga, akarudi kifua mbele.

Mvua ya kwanza tu, ukuta wa nyuma ukalala, na mama wa watu yumo ndani anaoga. Mawe yakamwangukia mguuni. Alhamdulillahi, haukuvunjika. Mnajua mwanawe alisema nini? "Mchanga wa kule una chumvi."

Sasa anataka twende wote, tuseme tunakwenda kumuuguza mama. Mie nijenge mlango umefungwa, yeye akae nje apokee pongezi za majirani. Nikamwambia, "Nitajenga. Lakini karai utabeba wewe, na mlango utakuwa wazi."

Akafoka, "Unataka nidhalilike mbele ya mama yangu?"

"Mama yako kadhalilika, kaopolewa na majirani mwili mtupu chini ya mawe yako."

Tangu hapo hanisemeshi, ila kunambia kwamba nikienda peke yangu nisirudi. Mawifi nao wananipigia simu, ati mume hustiriwa. Mama yao anachechemea, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ataoga wapi.

Nikienda naye kwa masharti yake, najenga uongo wake. Nikienda peke yangu, sina ndoa. Nikikaa, Bi mkubwa anaendelea kuteseka. Nyie mnaosoma, hebu nambieni, mngekuwa mie mngeshika njia gani? Ila atakayeniandikia nimheshimu mume, kwanza anitajie nimheshimu kwa lipi.